Vichochezi vya hisia akilini na mwilini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa zaidi na watu wanaojikuta wamefoka, wametetemeka au wamenyamaza ghafla kwa jambo ambalo, wakilitazama baadaye, halikustahili hayo yote. Yameanzia kwenye misingi na kwenda hadi hali za pekee. Kama hisia zimekupanda sasa hivi, nenda moja kwa moja swali la 8, haya mengine utayasoma ukitulia.

## Misingi

1. Kichochezi cha hisia ni nini?

Ni kitu chochote kinachoamsha hisia kali kuliko tukio lenyewe linavyostahili. Kinaweza kuwa harufu fulani, mlango kubamizwa, namna mtu anavyosema "sawa", tarehe kwenye kalenda, au ujumbe mfupi wa "tuongee kidogo". Kinaweza pia kutoka ndani yako mwenyewe: wazo, njaa, uchovu, moyo unaodunda baada ya kupanda ngazi.

Kitu chenyewe hakina nguvu hiyo. Nguvu inatokana na kufungamana kwake na jambo lililowahi kukuumiza, kukutisha au kukuaibisha. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo haung'ati, lakini anayeshtuka haigizi. Mshtuko wake ni wa kweli kabisa, ndiyo maana kumwambia "mbona ni ung'ongo tu" hakumsaidii.

2. Kwa nini mwili unaitikia kabla sijafikiri?

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kundi dogo la seli linaloitwa amigdala. Kazi yake mojawapo ni kugundua hatari. Mtafiti Mmarekani Joseph LeDoux, akifanya kazi na panya, alionyesha kwamba taarifa ya sauti huifikia amigdala kwa njia mbili. Moja ni ya mkato, na nyingine hupitia kwanza gamba la ubongo linalochambua mambo kwa undani. Ya mkato hutangulia. Ni ya haraka lakini haichambui: ikiona kitu kinachofanana na nyoka, haisubiri uthibitisho.

Hapo hipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, huamsha mfumo wa neva wa dharura. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, humwaga homoni ya adrenalini, na baada ya dakika kadhaa homoni nyingine, kotisoli, huongezeka pia. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, tumbo linapunguza kazi yake, viganja vinalowa jasho. Mwanasayansi Mmarekani Walter Cannon alieleza mwitikio huu wa kupigana au kukimbia mwaka 1915. Wapo pia ambao hawapigani wala hawakimbii, bali wanaganda.

Ukielewa mpangilio huu, utaacha kujilaumu kwamba "hukufikiri kwanza". Wakati wa kufikiri ulikuwa haujafika. Kazi yote ya kubadilika hufanyika baada ya ile sekunde ya kwanza, na kabla ya mara nyingine itakayokuja.

3. Ni kweli kwamba mwili unakumbuka?

Si kila kumbukumbu ni hadithi unayoweza kuisimulia. Daktari wa Uswisi Édouard Claparède aliandika mwaka 1911 kuhusu mgonjwa wake, mwanamke aliyekuwa hawezi kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kila walipokutana alikuwa kama ndiyo kwanza anamwona daktari huyo. Siku moja daktari akaficha pini kati ya vidole vyake, na walipopeana mkono akamchoma. Muda si mrefu mwanamke akawa hakumbuki kuchomwa. Lakini daktari aliponyoosha tena mkono, yeye aliurudisha wake haraka. Alipobanwa aeleze sababu, alisema tu kwamba pengine watu huficha pini mikononi. Hakuwa na kumbukumbu ya tukio, ila somo lake lilikuwa limebaki.

Kisicho kweli ni ile dhana kwamba huzuni ya miaka imejificha begani au nyongani na kwamba ukikandwa vizuri itatoka. Yaliyojifunzwa yamo kwenye ubongo na mfumo wa neva, na mwili ndio unaoyatekeleza kila yanapoamshwa. Kukandwa kunaweza kukutuliza, na hilo lina faida yake, lakini si sawa na kujifunza upya.

4. Je, kuwa na vichochezi ni udhaifu au ugonjwa?

Hapana. Kila ubongo uliowahi kujifunza hatari unavyo. Suala la ugonjwa huja pale vinapokutawala, na alama za hali hiyo zimeelezwa kwenye swali la 20.

5. Sijawahi kupatwa na jambo zito. Mbona ninavyo?

Kwa sababu ubongo hausubiri jambo zito ndipo ujifunze. Mtoto anayechekwa kila anapojibu swali darasani hana siku moja ya kuitaja kama siku ya maafa, ila akiwa mtu mzima koo linamkauka akiombwa kusema neno mbele ya watu. Hofu hujifunzwa pia kwa kutazama: ukikua na mzazi anayeshtuka kila simu inapolia usiku, utashtuka nawe bila kujua unachokiogopa.

Wakati mwingine mara moja inatosha. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake walichapisha jaribio ambamo panya walikunywa maji matamu huku wakipigwa mionzi, inayosababisha kichefuchefu. Baada ya hapo waliyakwepa maji matamu, ingawa si maji yaliyowadhuru. Aliyewahi kutapika usiku kucha baada ya kula chakula fulani, na hadi leo harufu yake inamchefua, anajua jambo hili bila kuelezwa.

## Kukitambua

6. Nitajuaje kichochezi changu ni kipi hasa?

Usiridhike na majibu mapana kama "kazi", "wakwe" au "watu wasio na adabu". Tafuta kipande kidogo zaidi.

Chukua mfano wa mtu anayesema kichochezi chake ni bosi. Akijichunguza kwa wiki kadhaa anagundua kwamba bosi akigomba waziwazi mkutanoni, yeye hana shida, anajibu na kuendelea na kazi. Ila ukimfikia ujumbe wa maneno mawili, "njoo ofisini", bila salamu wala sababu, tumbo linakaza papo hapo. Vidole vinapoa. Anausoma ujumbe mara tano akitafuta kosa lake ndani ya maneno yale mawili. Anapofika mlangoni tayari ameshaandaa kichwani maneno ya kuomba radhi, na kumbe ameitwa kuulizwa tarehe ya likizo. Kwa hiyo kinachomchochea si bosi. Ni kutojua kabla ya hukumu. Akifuatilia nyuma, huenda akamkuta mzazi aliyekuwa akinuna siku mbili kabla ya kuadhibu.

Ili kufika hapo, andika siku hiyohiyo, kwa sentensi fupi: nini kilitokea muda mfupi kabla, mwili ulifanya nini na wapi, sentensi gani ilipita kichwani, na ulitamani kufanya nini. Ongeza kama ulikuwa umelala na umekula. Ubongo uliokosa usingizi hushtuka kirahisi zaidi, na mambo mengi tunayoyaita "tabia yangu" yanapungua makali baada ya usiku mmoja wa kulala vizuri. Mwili una alama zake za mapema pia: taya kukaza, mabega kupanda, joto usoni, kifua kubana. Ukiijua alama yako ya kwanza, utapata sekunde chache za ziada, na sekunde hizo ni za thamani.

7. Lazima nijue chanzo chake?

Si lazima. Kujua chanzo huleta nafuu ya kujielewa, na mara nyingi hupunguza aibu. Lakini wengi hubadilika bila kukumbuka mwanzo wowote, na wengine wanaukumbuka kwa undani na bado wanashtuka vilevile. Usijilazimishe kuchimbua. Kumbukumbu inayotafutwa kwa nguvu, hasa ukiongozwa na mtu ambaye tayari ameamua jibu, inaweza kutungwa bila wewe kutambua.

## Kinapofyatuka

8. Nifanye nini dakika ileile?

Anza na mwili, maana ndio ulioanza. Vuta pumzi kwa pua bila kuijaza sana, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Sekunde nne kuvuta na sita kutoa inakupa pumzi sita kwa dakika, na watu wengi huiona rahisi kuifuata. Tunapotoa pumzi, neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, hupunguza kasi ya moyo. Kurefusha kutoa pumzi ni kuipa neva hiyo nafasi zaidi. Usipumue kwa nguvu na haraka: hewa ya kaboni dioksaidi itapungua kwenye damu, utapata kizunguzungu na ganzi ya vidole, na hofu itapata sababu mpya.

Halafu rudi mahali ulipo. Sikia nyayo zako sakafuni, taja kimoyomoyo vitu unavyoviona. Ukiweza, ipe hisia jina: "hii ni aibu", "naogopa kuachwa". Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walichapisha utafiti wa picha za ubongo ulioonyesha kwamba watu walipochagua neno la kuitaja hisia iliyoonekana kwenye picha ya uso, shughuli ya amigdala ilipungua. Neno moja sahihi linatosha, huhitaji kutoa maelezo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usijibu ujumbe, usitoe uamuzi, usimalizie ubishi mwili ukiwa bado katika hali hiyo. Sema "naomba dakika ishirini, kisha tuendelee", na urudi kweli. Ukiondoka bila kusema unarudi lini, unamwachia mwenzako kichochezi kipya.

9. Nimeze hisia au nizitoe?

Kuna njia ya tatu, na wengi hawajaizoea. Kumeza, yaani kuufanya uso uwe mtulivu huku ndani unaungua, hakutulizi mwili. Tafiti za James Gross zilionyesha kwamba wanaoficha hisia usoni wanaendelea kuwa na mwitikio wa mwili, na baadhi ya vipimo hupanda zaidi.

Kuzitoa kwa kufoka au kupiga mto nako hakusaidii kama inavyodhaniwa. Katika utafiti wa Brad Bushman wa mwaka 2002, waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya bila kufanya lolote. Walikuwa wanaufanyisha mwili mazoezi ya hasira.

Kinachofaa ni kuikubali hisia ipite bila kuifuata: "nina hasira, mikono imepata joto, nataka kupiga kelele, na sasa hivi sipigi". Baadaye, mwili ukishatulia, unayasema yaliyokuudhi kwa maneno kamili.

10. Huchukua muda gani kutulia?

Adrenalini hupungua ndani ya dakika chache, kotisoli huchukua muda mrefu zaidi. Kinachorefusha ni kuirudia hadithi kichwani, maana kila marudio huagiza dozi nyingine. Kutembea kidogo husaidia, mradi usitembee huku ukiendeleza ugomvi moyoni.

## Kukibadilisha

11. Naweza kukifuta kabisa?

Kusema kweli, usitegemee hivyo. Ivan Pavlov wa Urusi aliwazoeza mbwa kudondosha mate kwa ishara iliyotangulia chakula. Alipoirudia ishara bila chakula, mate yalikoma. Lakini baada ya mapumziko, ishara ileile iliyarudisha yenyewe. Somo la zamani lilikuwa limefunikwa na somo jipya, halikufutika. Baadaye Mark Bouton alionyesha kwamba mahali pana uzito mkubwa: mnyama aliyejifunza usalama katika chumba kimoja anaweza kuogopa tena akihamishiwa kingine.

Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux waliripoti kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa huwa haijaimarika kwa muda, na panya waliopewa dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini kwenye amigdala wakati huo walipoteza hofu hiyo. Ugunduzi huo uliamsha matumaini makubwa. Kwa binadamu, hata hivyo, matokeo yamekuwa ya kupishana. Anayekuahidi kufuta kiwewe kwa kikao kimoja anakuuzia kitu asichonacho.

Linalowezekana, na ambalo watu hulifikia kila siku, ni kichochezi kubaki bila kukuendesha. Unashtuka kidogo, unatambua, unaendelea.

12. Kukikwepa kuna ubaya gani?

Kunakupa nafuu ya haraka, na nafuu hiyo ndiyo inayofundisha ubongo kwamba umeponea chupuchupu. Kesho utakwepa mapema zaidi, na maisha yanaanza kupungua ukubwa.

Kuna ukwepaji usioonekana, nao ni mgumu kuukamata: kukubaliana na kila mtu, kuandaa kila sentensi kabla ya kuitamka, kuchezea simu, kuchekesha watu kila mazungumzo yanapokuwa mazito. Umehudhuria, ndiyo, ila hukujipa nafasi ya kugundua kwamba ungeweza bila hayo.

Kumkwepa mtu anayekuumiza ni jambo tofauti kabisa. Tazama swali la 19.

13. Nianzie wapi, hatua kwa hatua?

Anza na kiasi unachokiweza. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alichapisha habari za mtoto aliyempa jina Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda, sungura aliletwa chumbani, mbali. Siku zilivyopita akasogezwa, hadi mtoto akawa anamshika. Hakuna aliyemtupia sungura mapajani.

Turudi kwa yule mwenye ujumbe wa bosi. Hatua yake ya kwanza ni kumwomba rafiki amtumie maneno yaleyale, "njoo ofisini", saa waliyokubaliana. Anausoma, anaacha tumbo likaze, anapumua, halazimishi lilegee, wala haweki simu pembeni hadi mkazo ushuke wenyewe. Akizoea, rafiki anatuma wakati usiotarajiwa. Kisha yeye mwenyewe anamwomba bosi dakika tano za mazungumzo juu ya jambo la kawaida. Kabla ya kila hatua anaandika utabiri wake, mathalani "nitaambiwa nimekosea", na baada yake anaandika kilichotokea. Pengo kati ya utabiri na tukio ndilo linalofundisha, kwa hiyo usiache kuliandika.

Rudia sehemu tofauti na nyakati tofauti, kwa sababu iliyotajwa swali la 11. Na jiwekee mpango wa "ikiwa hivi, basi hivi", ambao Peter Gollwitzer ameutafiti kwa miaka mingi: "ikiwa taya likikaza, basi natoa pumzi ndefu kabla ya kusema chochote". Mpango wa aina hiyo unafanya kazi kuliko nia ya jumla ya "nitajitahidi kutulia".

14. Mawazo yana nafasi gani katika haya yote?

Nafasi kubwa, ila kwa wakati wake. Aaron Beck, aliyeanzisha tiba ya fikra, aliona kwamba kati ya tukio na hisia hupita wazo la haraka ambalo mtu halihoji: "amenidharau", "nimekwisha". Mwili ukiwa umetulia, lihoji wazo hilo kama ungelihoji la rafiki yako. Kuna maelezo gani mengine ya yaliyotokea? Katikati ya tukio usijaribu kujadiliana na nafsi yako, utashindwa na utajilaumu bure.

15. Nilidhani nimepona, kimerudi. Nimerudi mwanzo?

Hapana. Kurudi ni sehemu ya jinsi kujifunza kunavyofanya kazi (swali la 11), hasa ukiwa umechoka, umefiwa, unaumwa, au uko mahali papya. Fanya tena hatua moja ndogo ya swali la 13. Mara nyingi awamu ya pili huenda haraka kuliko ya kwanza.

## Hali za pekee

16. Kupumua polepole kunanizidishia hofu. Nina kasoro?

Huna. Wapo ambao kuelekeza akili kifuani ndiko kunakowatisha, hasa waliowahi kupatwa na shambulio la hofu kali au kubanwa pumzi. Peleka umakini nje ya mwili: sauti za chumbani, rangi, kitu cha baridi mkononi. Au tumia misuli, kama alivyofundisha Edmund Jacobson: kaza ngumi kwa sekunde chache, achia, sikia tofauti.

17. Mimi huzirai nikiona damu au sindano. Utulivu haunisaidii.

Kwako utulivu unaweza hata kudhuru. Katika hofu ya damu na sindano, moyo hupanda kwanza kisha shinikizo la damu hushuka ghafla. Mwanasaikolojia wa Uswidi Lars-Göran Öst alibuni njia iliyo kinyume: kaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde kumi hadi kumi na tano mpaka uso upate joto, achia kidogo bila kulegea kabisa, rudia. Kama unachomwa sindano, uache mkono unaochomwa ukiwa umelegea, na umwambie mhudumu mapema.

18. Sisikii hasira wala hofu, nakufa ganzi tu. Hicho nacho ni kichochezi?

Ndiyo. Ganzi, kuona mambo kama yako mbali, au usingizi wa ghafla katikati ya ugomvi ni miitikio ya mfumo uleule. Hapa lengo ni kuamka taratibu: simama, tembea, nawa uso kwa maji baridi, sema kwa sauti jina lako na tarehe ya leo. Ikitokea mara kwa mara, usijitibu peke yako.

19. Kichochezi changu ni mtu ninayeishi naye, na kweli ananiumiza.

Basi hisia hiyo haijakosea, inakwambia ukweli. Mazoezi ya ukurasa huu ni ya hatari iliyopita au iliyokuzwa na kumbukumbu. Hayakukusudiwa kukuzoesha kipigo, matusi au vitisho vinavyoendelea. Tafuta usalama kwanza, pamoja na mtu unayemwamini na huduma zinazoshughulikia ukatili. Na mtu akikuumiza kisha akasema "hayo ni mambo yako ya zamani tu", amini unachokijua.

20. Lini niende kwa mtaalamu, na atanifanyia nini?

Nenda ikiwa matukio ya zamani yanakurudia kama yanatokea sasa, ndoto mbaya hazikomi, umeacha kazi au mahusiano kwa ajili ya kukwepa, unakunywa ili utulie, au hali imepita mwezi mmoja bila kupungua. Ukifikiria kujidhuru au kumdhuru mwingine, tafuta msaada leo hii. Na kama moyo hukimbia bila sababu yoyote unayoiona, mwone kwanza daktari wa kawaida. Tezi ya shingoni, upungufu wa damu na hata kahawa nyingi huleta dalili zinazofanana.

Msongo wa baada ya kiwewe uliingizwa kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2013, lilipendekeza tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, pamoja na tiba ya kusogeza macho iliyoanzishwa na Francine Shapiro. Bado kuna ubishi iwapo macho yenyewe yana mchango, lakini wagonjwa wengi hupata nafuu. Mtaalamu mzuri hatakulazimisha kusimulia kila kitu siku ya kwanza.

21. Nimsaidieje mtu aliyepandwa na hisia mbele yangu?

Punguza sauti na kasi yako. Kaa kando yake, si mbele kama mhoji, na uliza kabla ya kumgusa, maana kushikwa kunaweza kuwa ndiko kulikomwamsha. Usimwambie "tulia". Mwambie ulipo na kinachoendelea: "niko hapa, tuko sebuleni, mlango uko wazi". Acha maswali ya "kwa nini" hadi baadaye.

Kesho yake, mkiwa nyote mmetulia, muulize angependa ufanye nini mara nyingine: ubaki kimya, uondoke kidogo, au umkumbushe kupumua. Andikeni jibu hilo mahali, kwa sababu wakati wa tukio hakuna kati yenu atakayelikumbuka.